Kimoja Mara Tatu

Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Bibi yake Popo aliugeuza msemo huo: asiyelala mlaze; usipomlaza, atakulaza wewe.

Popo alisomea ufamasia. Wenzake chuoni walimpa jina hilo kwa sababu usiku hakulala. Wiki tatu alikuwa akikesha na madaftari, kahawa na simu. Mtihani wa vitendo ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akianguka, angerudia mwaka mzima.

Asubuhi moja alikaa jikoni akifanya mazoezi. Maharage yalikuwa vidonge. Bibi aliigiza mgonjwa.

"Mjukuu wangu, macho yamekuiva kama pilipili!"

"Usingizi ni wa wavivu, bibi. Shika dawa yako."

Jirani yao muuguzi alikuwa amekuja kuazima chekeche la unga. Akaisoma bahasha ya dawa aliyoijaza Popo, na cheti cha daktari cha mazoezi kilichokuwa kando yake.

"Cheti kinasema kimoja mara tatu kwa siku. Wewe umeandika vitatu mara moja."

"Si ni vitatu vilevile, mama?"

"Vilevile? Mgonjwa wa kweli ungemlaza wodini!"

"Au kaburini," akadakia bibi. Akafumba macho, ulimi nje.

Popo hakucheka. Machozi yalimlengalenga. "Lakini haya nayajua! Nimesoma usiku kucha."

"Ndiyo maana," alisema muuguzi. "Ubongo huyapanga uliyosoma wakati umelala. Usipolala, unateka maji kwa chekeche hili. Unasahau, unakosea, unafoka ovyo. Unahitaji usingizi wa saa saba au nane kila usiku. Lala na uamke saa zilezile. Kahawa iishie mchana. Na simu isilale nawe kitandani."

"Na mtihani?"

"Soma mchana, akili ikiwa macho."

Tangu siku hiyo, ikigonga saa nne usiku, bibi alifungia simu na madaftari kabatini. Ufunguo aliutia kifuani. Popo alinuna, akamwita askari jela. Usiku wa kwanza aligaagaa tu. Wa tatu alikoroma mpaka paka akahama chumba.

Ijumaa ya mtihani alijaza bahasha ishirini. Hakukosea hata moja.

Alirudi nyumbani akirukaruka. "Nimefaulu, bibi! Lakini mtu mzima kama mimi, kufungiwa madaftari! Niombe radhi."

Bibi aliendelea kuchambua maharage yake.

"Radhi siombi. Na leo saa nne, nafungia tena."