Sigara ya Kukata Vumbi

Mbuke, au Mama Noela, ni mhudumu wa afya katika kijiji cha Didia. Ni mchapakazi, ila alikuwa na mdomo. Akimwona mtu na sigara, humsema hadharani mpaka ajute kupita njia ile. Wavutaji wakawa wanamkwepa. Hata kaka yake, Mwigulu, mchimbaji wa dhahabu, akirudi kutoka machimboni hakanyagi kwake. Kikohozi chake kilisikika hadi kwa majirani, na Mbuke aliogopa sana kumpoteza.

Mwaka huu wahudumu waliitwa Kahama kwenye mafunzo ya kuwasaidia watu kuacha sigara. Mkufunzi, Muuguzi Hosiana, aliwataka waigize. Mbuke alipoanza kumfokea mwenzake aliyejifanya mvutaji, Hosiana alimsimamisha kwa upole. Alisema mvutaji anajua sigara ina madhara. Wamuulize kwanza inamsaidia nini, kisha wamsikilize. Mbuke aliona aibu, maana miaka yote hakuwahi kuuliza.

Aliporudi kijijini alimfuata kaka yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kuuliza. Sigara inakusaidia nini?"

Mwigulu alimtazama kwanza. "Inakata vumbi," alisema. "Ukitoka duarani, kule shimoni, kifua kimejaa vumbi la mawe. Tunavuta ili litoke."

Kumbe kaka yake alidhani anajitibu! Mbuke alimweleza taratibu. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo vinavyofagia vumbi. Moshi huvidhoofisha, na vumbi hubaki. Vumbi na moshi vikikutana, kifua kikuu hupata nafasi.

Walikwenda kituo cha afya, Mwigulu akapimwa makohozi. Hakukutwa na kifua kikuu. Wakapanga siku ya kuacha. Aliwaomba wenzake wasimpe sigara. Hamu ikimbana, anywe maji na kutembea mpaka ipite. Kazini afunge barakoa, na mwamba uloweshwe maji kabla ya kuchimbwa.

Alijitahidi, lakini siku moja msibani akavuta. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Mbuke.

"Nimeteleza, Mama Noela."

Maneno makali yalimjia Mbuke, akayameza. Aliuliza alikaa na nani pale msibani, na nini kilimsukuma. Wakazungumza, na Mwigulu akaanza upya siku ileile.

Tangu hapo hajavuta, na kikohozi kimepungua. Juzi alifika kwa Mbuke na wachimbaji wawili. Walisita mlangoni.

"Huyu ndiye dada yangu," Mwigulu aliwaambia. "Mwambieni ukweli wote. Hafoki."