Dawa Mpya ya Mama Fundi

Cherehani ya umeme ilikuwa inakimbia, lakini Mama Fundi alikuwa amesinzia. Mke wa mwanawe, aliyekuwa akipiga pasi, aliinua macho. Kitambaa kilikuwa kinavuta kidole cha mzee kuelekea kwenye sindano.

"Mama!"

Aliruka, akachomoa waya ukutani. Sindano ikasimama juu ya ukucha.

"Kelele za nini?" Mama Fundi aliuliza, ulimi mzito. "Na wewe ni nani?"

Mkwe alikiondoa kidole cha mzee chini ya sindano. Miaka tisa wanakula meza moja! Jana mzee alianguka mlangoni. Juzi alishona mkono wa gauni shingoni.

"Uzee huo," mkwe alinong'ona. "Ndiyo tumempoteza."

"Uzee haumvamii mtu kwa wiki mbili," alisema jirani yao, nesi, aliyekuja kuchukua sketi yake. "Mwezi uliopita alinipima kiuno kwa macho tu, hakukosea. Kuna dawa mpya?"

"Ya usingizi, kaandikiwa na daktari. Alikuwa hapati hata lepe, Dada. Usiku kucha ni chooni."

"Lete dawa zake zote. Hata za dukani."

Mkwe alimwaga mfuko mezani. Nesi akaokota kidonge kimoja.

"Hiki cha presha kinatoa maji mwilini. Mama, unakinywa saa ngapi?"

Mama Fundi alitazama pembeni. "Jioni."

"Si uliambiwa asubuhi?"

"Asubuhi nina wateja! Nimwache mtu na pini kiunoni, nikimbilie chooni?"

"Daktari anajua?"

"Hakuniuliza. Nami nikaogopa ataniona mkaidi."

Nesi alishusha pumzi. "Basi kidonge kimoja kinakuamsha, ukaongezewa kingine cha kukulaza. Mwili wa mzee hauondoi dawa haraka kama wa kijana. Hii ya usingizi inabaki mwilini mchana kutwa. Inaleta kizunguzungu, inaangusha, inavuruga akili."

Mkwe alikamata kopo. "Naitupa sasa hivi!"

"Thubutu! Dawa hii ukiiacha ghafla, inaweza kudhuru zaidi. Twendeni kwa daktari leo leo."

Mbele ya daktari, mkwe alipanga dawa zote mezani. Nani amfundishe daktari kazi? Lakini alipomwona mama mkwe akiyumba hata kitini, alifungua mdomo.

"Samahani, Daktari. Mimi sikusoma sana. Ila tangu dawa hii ianze, Mama anaanguka. Leo hakunijua. Na kile cha presha amekuwa akikinywa jioni."

Daktari alikagua dawa moja moja.

"Umefanya vizuri kusema," alisema hatimaye. "Nilipaswa kuuliza kabla ya kuandika."

Aliipunguza dawa ya usingizi kidogo kidogo mpaka ikaisha. Kile kidonge cha presha kilirudi alfajiri, kabla wateja hawajaanza kuja. Baada ya wiki kadhaa, Mama Fundi alikuwa analala, anatembea peke yake, na kugombana na wateja kama kawaida.

Siku moja alirudi kwa daktari, goti likimuuma. Daktari akashika kalamu. Mama Fundi akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nina miaka sabini na mitatu, na dawa ninazokunywa ni hizi hapa. Hiyo unayotaka kuniandikia, itanifaa?"

Daktari aliweka kalamu chini, akavuta kiti karibu.