Gogo Lililokwenda Dukani

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Bibi alichanja kuni na mjukuu wake akazipanga. Shoka linashuka, kuni inapasuka, msichana anaokota na kupanga ukutani chini ya bati, huku mdomo wake ukifanya kazi kuliko mikono. Ndiyo maana walimwita Chiriku. Mjomba wake alisema siku mtoto huyu akinyamaza, majirani watakuja kuuliza kama kuna msiba.

Jumamosi hiyo shoka lilipanda, halikushuka. Bibi alibaki ameliinua, uso umekunjamana, kisha akalishusha polepole kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

"Bega?" Chiriku aliuliza.

"Bega gani? Nilikuwa namtazama ndege yule."

Chiriku alitazama juu. Hakukuwa na ndege.

Muuguzi wa zahanati alishasema wazi: Bibi akiendelea na shoka, mkono ule hautainuka hata kuchana nywele. Lakini nyumba ilipikia kuni na kuogea maji ya kuni. Siku za kazi Mjomba alirudi jioni, na Bibi hakuwa mtu wa kusubiri jioni. Basi Mjomba alikuwa ameweka akiba wanunue mashine ya kuchanjia kuni, ile yenye kabari ya chuma inayosukumwa na mota.

"Mashine moja tu, mama, uwezo wangu umeishia hapo," alimwambia Bibi wakinywa chai.

"Nitaijaribu," Bibi alisema. "Ila ikishindwa kazi, narudi kwa shoka langu, na asinisemeshe mtu."

Mjomba na Chiriku walitazamana. Walimjua. Akirudi kwenye shoka, hata muuguzi aje na polisi, hataliachia.

Chiriku hakuwa na wasiwasi, maana yeye alishachagua. Macho hayana pazia, na kila siku akitoka shule macho yake yalikutana na mashine nyekundu kwenye kioo cha duka kubwa la vifaa, inang'aa kama imepakwa mafuta. Nusu ya darasa walishaambiwa kuwa ile ni "mashine yetu".

Basi wakaenda wote watatu. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye miwani iliyokaa juu ya kichwa.

"Karibu bibi, karibu kaka. Hii si mashine, hii ni mkombozi. Tazameni."

Akaweka gogo, akabonyeza swichi, akasukuma kishikio. Mota ikanguruma, kabari ikaja, gogo likafunguka kama mkate. La pili, la tatu. Watu wakasogea kutazama. Chiriku alikuwa anarukaruka. Mjomba akaingiza mkono mfukoni.

Hapo ndipo Chiriku akayaona yale magogo. Yote yalikuwa membamba, makavu, yamenyooka kama penseli mpya. Hayakuwa na fundo hata moja. Kisha akaona jambo jingine. Mashine ilikuwa na vishikio viwili, lakini kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kibaki kimesukumwa bila mtu kukishika.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Chiriku alitamani kunyamaza. Akisema, huenda mashine nyekundu ikabaki dukani, naye Jumatatu atachekwa na darasa zima. Akinyamaza, wataondoka nayo sasa hivi. Akamtazama Bibi. Bibi alikuwa anajikanda bega taratibu, akidhani haonekani.

"Mjomba, subiri," alisema. "Kuni zetu haziko hivi. Zetu zina mafundo. Tunaweza kuleta gogo letu?"

Muuzaji akacheka. "Leta hata mti mzima, mdogo wangu."

"Usije ukajuta," Bibi alimwambia. "Tutamleta Shemeji."

Shemeji lilikuwa gogo. Lilipewa jina hilo kwa sababu lililetwa uani likae siku mbili, likakaa mwaka mzima bila kufanya kazi yoyote. Lilikuwa nene, limejipinda, mafundo kila upande. Lilishavunja mipini ya shoka na kiburi cha Mjomba.

Walirudi nyumbani, wakalipakia kwenye toroli, wakashika njia ya dukani. Mjomba anasukuma, Bibi anatembea kando ameweka mkono juu ya gogo, Chiriku mbele anasafisha njia.

"Mgonjwa huyo mnampeleka wapi?" fundi viatu aliuliza.

"Kupasuliwa," Bibi akajibu, na mtaa mzima ukacheka.

Pale dukani mashine nyekundu ilinguruma, ikalia, ikatetemeka. Kabari ikaingia kidogo tu kama jino kwenye muwa mgumu, ikakwama hapo hapo. Ikanuka moto. Muuzaji akazima haraka, akashusha miwani machoni.

"Hili gogo lina tabia mbaya," alisema.

"Tunaishi nalo," Bibi akamjibu.

Chiriku aliitazama mashine nyekundu mara ya mwisho. Mjomba alilichomoa gogo, akalirudisha kwenye toroli na kuigeuza. Lakini nyuma ya barabara ile kulikuwa na karakana ya mama mmoja, fundi na muuzaji wa mashine, mikono imejaa grisi, wakaingia humo. Yeye hakuwasifia chochote. Alianza kwa kuuliza.

"Kuni zenu mnazikata urefu gani? Unene je? Nani ataiendesha?"

"Mimi," Bibi alisema.

Fundi akaipita mashine ndogo, akaipita kubwa mno, akasimama kwenye moja ya rangi ya kijivu, haina urembo wowote. Akapangusa kidole chini ya mtungi wa mafuta, akamwonyesha Chiriku kuwa kidole ni kikavu. "Haivuji. Na vipuri vyake ninavyo hapa hapa. Ikiharibika, mnanijua nilipo."

Nayo ilikuwa na vishikio viwili, na ilikuwa lazima uvishike vyote kwa pamoja. Ukiachia kimoja, kabari inasimama.

"Si itachelewesha kazi?" Chiriku aliuliza. "Ile ya dukani wamefunga kimoja."

"Mikono yako yote miwili ikiwa huku," fundi alisema, "kidole kitakatwa na nini kule? Anayefunga kishikio anaharakisha kwenda hospitali. Nawe kaa mbali, bado hujafikia umri wa kuiendesha."

Wakamlaza Shemeji. Bibi akavaa miwani ya kukinga macho, akashika vishikio. Hakuhitaji kuinua bega hata kidogo. Kabari ikatembea polepole, ikagusa gogo, ikazama. Likalia krrrr. Chiriku akaziba uso kwa viganja, akachungulia katikati ya vidole. Kabari haikusimama. Ufa ukafunguka kuanzia kwenye fundo, ukakimbia hadi mwisho, na Shemeji akaanguka huku na huku, ndani mwekundu na ananukia.

Bibi alitazama mikono yake, akatazama gogo. "Tena," alisema.

Jioni hiyo mashine ya kijivu iliunguruma uani. Kila Mjomba alipoomba zamu, Bibi alimwambia asubiri, na akasubiri mpaka akachoka, akaenda kumsaidia Chiriku kupanga. Maji ya kuoga yalishachemka, na shoka Bibi mwenyewe alilipaka mafuta akaliweka stoo.

Mwishowe akazima mota, akakaa juu ya gogo, akamvuta mjukuu wake.

"Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile nyekundu imejitembeza mbele yako kila siku. Wewe uliipenda, sivyo?"

"Sana, Bibi. Hata darasani nimeshaisema. Jumatatu watanicheka."

"Wacheke, kisha uwaambie hivi. Muuzaji atakuonyesha kitu chake kwa kazi nyepesi. Wewe kipime kwa kazi yako nzito, hata kama ni ya kusukumwa kwa toroli. Na jicho lako likiona kasoro kwenye kitu ambacho moyo unakitaka, sema. Leo umesema, nami bega langu limeepukana na shoka." Akainuka, akajipangusa vumbi. "Sasa kakae kule mbali. Bado nina magogo matano, na mjomba wako asisogee."