Soksi ya Tangi la Chini

Kila siku baada ya shule, Chiriku alikwenda kwenye kliniki ya mama yake mdogo, daktari wa meno, akakaa huko mpaka jioni. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Katika chumba cha kusubiria kulikuwa na tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi na samaki wa baharini. Wagonjwa waliwatazama samaki, wakausahau kidogo mlio wa mashine ya kutoboa meno.

Ndani ya kabati, chini ya tangi hilo, kulikuwa na tangi dogo la kuchujia. Maji yalishuka humo kwa bomba, yakapita katika soksi nene ya kitambaa, kisha pampu ikayarudisha juu. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuitoa soksi ile na kuiosha. Ilinuka shombo hasa! Siku moja alibana pua, akafunga kabati, akaenda zake kusoma.

"Umeosha soksi?" mama mdogo aliuliza.

"Nimeosha."

Kumbe ni rahisi hivyo! Kesho yake akajibu vivyo hivyo, na siku zilizofuata pia. Kioo kikaota utando wa kijani, maji yakawa kama chai nyepesi, na samaki wakaanza kutweta juujuu.

Mama mdogo akakunja uso, akamgeukia dada wa mapokezi. "Kama chujio ni safi, basi chakula kimezidi. Dada, wewe ndiye unayewalisha."

"Daktari, natia kidogo tu, kama ulivyonionyesha," alijibu dada.

"Basi maji yanadanganya? Kuanzia leo usiguse tangi."

Dada akarudi mezani kwake, macho mekundu. Chiriku alitamani kutoka, lakini aende wapi? Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa, mama yuko kazini. Akisema kweli, ataulizwa uongo wa siku zote zile. Akinyamaza, amemwangushia dada jumba bovu. Hata kuosha soksi kwa siri hakuweza, maana kabati lilikuwa mbele ya macho ya watu wote, na uvundo wa siku zote zile ungemfichua. Alikaa pale akiwatazama samaki wakizunguka bila pa kukimbilia.

"Chiriku, leo umemeza ulimi?" dada alimtania. Upole ule ulimuuma kuliko kofi.

Ndipo samaki mmoja wa manjano akaelea kiubavu. Mama mdogo akaja na chupa ya dawa. "Huenda ni ugonjwa. Dawa hii itaua kamba na konokono wote humu, lakini nitafanyaje?" Akafungua kifuniko.

"Mama mdogo, usitie!" Wagonjwa wote waligeuka. Chiriku akapiga moyo konde. "Si ugonjwa. Wala si dada. Soksi sijaiosha. Nilikuwa nakudanganya."

Mama mdogo akafunga chupa. "Fungua kabati."

Soksi ilitoka imevimba, nyeusi, ikichuruzika uozo. Mgonjwa mmoja alisahau jino lake, akakimbilia dirishani.

Waliisugua mpaka ikatakata. Kisha wakabadilisha sehemu ya maji, kidogo kidogo, ili samaki wasishtuke. Chiriku akamwomba dada radhi.

"Uliniumiza," dada alisema. "Nilifika hata kujishuku mwenyewe." Akampa brashi. "Mimi nimekusamehe. Kioo bado. Haya, sugua!"

Samaki wa manjano hakupona. Wengine, maji yalipotakata, walishuka chini wakaanza kula.

Jioni moja mama mdogo alimketisha Chiriku karibu naye. "Soksi haili uchafu, mwanangu, inaushika tu. Mabaki ya chakula na kinyesi yakiachwa humo, huoza yakarudi majini, yakalisha mwani na kuwadhuru samaki. Mimi nami nilimhukumu dada kabla ya kufungua kabati, na nimemwomba radhi. Kukosea utakosea tena, sote tunakosea. Lakini ukikosea, niambie siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo na hajaumia mtu mwingine."