Saumu Avua Kinyumenyume

Huyu ni Saumu. Nyumba yao iko karibu na ufuo, nyuma ya miti mirefu ya mivinje.

Saumu anapenda uji wa mchele. Anapenda kuruka kamba. Anampenda sana mdogo wake Badi, aliyezaliwa juzijuzi tu.

Lakini mawimbi? Aa-aa! Mawimbi Saumu anayaogopa.

Kuna siku wimbi lilimpiga likamwangusha. Maji ya chumvi yakamwingia puani. Yakamwingia masikioni. Saumu akalia mpaka akapata kwikwi.

Tangu siku hiyo, ikawa hivi:

*Shwaaa! Wimbi linakuja.*
*Du-du, du-du! Moyo unakwenda mbio.*

Asubuhi moja, mtu alibisha mlangoni.

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa shangazi Mize, dada yake baba. Mkononi alibeba ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na chupa mbili za plastiki, na kila chupa imezungushiwa mshipi wa kuvulia.

"Shikamoo, shangazi," alisema Saumu.

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa amelala, na Badi ubavuni. Bakuli la uji lilikuwa pembeni. Uji ulikuwa umepoa, haujaguswa.

"Wifi, mbona huli?" aliuliza shangazi Mize.

"Chakula hakipiti, wifi yangu," alijibu mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Labda ningepata supu ya samaki. Samaki mbichi, na ndimu kidogo."

Saumu alimtazama mama. Akalitazama lile bakuli.

"Basi nakwenda kuvua," alisema shangazi Mize. "Saumu, unakuja?"

Kuvua! Baharini! Kwenye mawimbi!

Saumu alitaka kusema hapana. Lakini mama hajala.

"Nakuja," alisema. Alisema polepole sana.

Wakapita kwenye mivinje. Mchanga ulikuwa wa moto. Mbele yao bahari ilikuwa inanguruma.

*Shwaaa! Wimbi linakuja.*
*Du-du, du-du! Moyo unakwenda mbio.*

Saumu akarudi nyuma. Nyuma, nyuma, nyuma!

Shangazi Mize hakumcheka.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hata mimi bahari naiogopa. Ndiyo maana siipi mgongo. Na wewe usiipe mgongo. Ukiogopa, itazame, halafu rudi nyuma."

"Naruhusiwa kurudi nyuma?"

"Hata mara mia."

Saumu akapumua kidogo.

Shangazi Mize hakuanza kuvua. Alikaa mchangani.

"Kwanza tutazame," alisema. "Pale maji ni meupe. Mawimbi yanavunjika. Na pale katikati je?"

Saumu alikaza macho. "Pale ni kijani. Hakuna povu."

"Vizuri! Hapo chini pana shimo. Samaki wanapenda kupita hapo, wakitafuta chakula."

Saumu akashika kanga ya shangazi. "Na mimi nikitumbukia kwenye shimo?"

"Hutumbukii. Kinachokwenda kule ni chambo. Mimi na wewe tunabaki hapa mchangani."

Shangazi Mize akatoa kipande cha ngisi. Kilikuwa cheupe, tena kinateleza.

"Hiki ndicho chambo. Na hii ni ndoano. Ndoano inachoma, kwa hiyo ni kazi yangu. Wewe simama mbali."

Saumu akaenda kusimama mbali. Mbali, mbali, mpaka kwenye mivinje.

"Si mbali hivyo!" aliita shangazi.

Mwishoni mwa mshipi palikuwa na chubwi, kipande kizito cha risasi. Shangazi Mize akalizungusha juu ya kichwa.

Vuu! Vuu! Vuu! Akaachia.

Tumbwi! Likazama kwenye maji ya kijani.

"Sasa zamu yako," alisema. Akampa Saumu mshipi wa pili. Huo ulikuwa na chubwi dogo, na bado haukuwa na ndoano. "Jaribu kwanza bila ndoano."

Saumu akazungusha. Vuu! Vuu! Akaachia.

Kong! Chubwi likagonga ndoo, nyuma yake.

Akarusha tena. Pu! Likaangukia mchangani.

Akarusha tena na tena. Mkono ulianza kuuma.

Vuu! Vuu! Vuu!

Tumbwi!

"Limeingia!" alipiga kelele Saumu.

Ndipo shangazi akafunga ndoano na chambo, akaurusha mshipi wa Saumu kwenye maji ya kijani.

"Ushike hivi, upite juu ya kidole. Usiufunge mkononi, hata siku moja. Ukiona unavutwa sana, uachie."

"Nitajuaje kama samaki amekuja?"

"Mshipi utakuambia."

Saumu akashika mshipi. Akasubiri.

*Shwaaa! Wimbi linakuja.*
*Du-du, du-du! Moyo unakwenda mbio.*

Mshipi haukusema kitu.

Kisha… tik. Tik-tik.

"Shangazi! Umesema!"

Wakavuta haraka haraka. Ndoano ikatoka majini. Ilikuwa tupu.

"Kaa huyo," alisema shangazi. "Amekula chambo, akaondoka zake."

Saumu akaitazama ile ndoano tupu. "Mama atakula nini?"

"Tutatia chambo kingine."

Wakatia kingine. Kaa akala. Wakatia kingine tena. Kaa akala tena!

Sasa maji yalikuwa yanajaa. Mawimbi yakawa makubwa. Ngisi kwenye ndoo akabaki kipande kimoja tu.

Shangazi Mize akakitia kile cha mwisho. Akarusha. Tumbwi! Akampa Saumu mshipi.

Halafu akauvuta mshipi wake mwenyewe. Haukuja. Ulikuwa umenasa kwenye jiwe.

"Niko hapa hapa, naunasua," alisema. "Unaniona?"

"Nakuona," alisema Saumu. Lakini aliona kama yuko mbali sana.

*Shwaaa! Wimbi linakuja.*
*Du-du, du-du! Moyo unakwenda mbio.*

Mara, GRRR!

Mshipi ukavutwa! Ukakaza, ukalia kama uzi wa gambusi likipigwa!

"Shangaziii! Kuna kitu kinanivuta! Kinanipeleka majini!"

"Rudi nyuma!" alipiga kelele shangazi Mize. "Rudi nyuma, mwanangu!"

Saumu angeweza kuuachia mshipi. Vidole vilitaka kufunguka.

Lakini mama hajala.

Saumu hakuachia. Akaitazama bahari. Akarudi nyuma.

Nyuma, nyuma, nyuma!

Wimbi kubwa likainuka. Kubwa kuliko yote! Saumu akaliogopa, akazidi kurudi.

Nyuma, nyuma, nyuma!

SHWAAA! Wimbi likavunjika. Likateleza mchangani, likaja, likaja, likaishia mbele ya vidole vya miguu yake.

Saumu akajikwaa kwenye fungu la mwani. Puu! Akakaa kitako.

Wimbi likarudi baharini. Na pale mchangani lilipotoka…

Pata-pata-pata! Pata-pata-pata!

Samaki! Samaki bapa, anameta kama sufuria mpya, mkia wake wa njano!

Shangazi Mize akaja mbio, kanga inapepea. Akamshika samaki kabla ya wimbi jingine.

"Kolekole!" alisema. "Saumu, umevua kolekole!"

Saumu alikuwa bado amekaa kwenye mwani. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mimi sikuvua, shangazi. Nilikuwa nalikimbia wimbi."

Shangazi Mize akakaa kwenye mwani pia. Akamkumbatia, na mchanga wake wote.

"Sikiliza, mwanangu. Sisi wa ufuoni ndivyo tunavyovua. Tunarudi nyuma. Wimbi linamsukuma samaki, na sisi tunamvuta. Ulifanya sawasawa kabisa."

Saumu akafuta machozi. Akamtazama kolekole.

"Sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Wakarudi nyumbani. Saumu alishika upande mmoja wa ndoo, shangazi akashika upande wa pili.

Shangazi akampaa yule samaki magamba. Paa-paa-paa! Saumu akakamua ndimu. Sufuria ikachemka. Bwata-bwata-bwata! Nyumba nzima ikanukia.

Mama akaonja kijiko kimoja. Saumu akamtazama.

Mama akaonja kijiko cha pili.

Kisha akaliinua bakuli kwa mikono miwili. Akanywa, akanywa, akanywa. Akala na nyama yote, akabakisha miiba.

"Imepita?" aliuliza Saumu.

"Imepita, mwanangu. Imebaki nyingine?"

Saumu alikimbia jikoni kuileta.

Usiku, Saumu akaoga, akavaa gauni la kulalia. Akapanda kitandani, karibu na mama na Badi.

Mbali, nyuma ya mivinje, bahari ilisikika. Shwaaa… shwaaa…

"Saumu," alinong'ona mama. "Kule ufuoni hukuogopa?"

"Niliogopa, mama," alisema Saumu. "Niliogopa, niliogopa, mpaka nikavua!"

Mama akacheka. Akacheka kicheko kikubwa, cha tumboni. Badi akashtuka. Nyaaa!

"Pole, baba, pole," mama akambembeleza. "Lala, baba, lala."

Saumu naye alitaka kumbembeleza. Akafungua mdomo aimbe.

Lakini kope zilikuwa nzito. Ukatoka mwayo mrefu badala ya wimbo.

Badi alikuwa bado yuko macho. Dada yake alikuwa ameshalala.