Gundi Iliyoingia Ndani ya Injini

Kila asubuhi Fundi Bomba hupakia mabomba yake nyuma ya pikapu yake kuukuu. Kisha hukunja kiti cha magurudumu cha binti yake na kukilaza juu ya mabomba. Binti mwenyewe hukaa mbele, begi mapajani. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, na shule iko mbali. Pasipo pikapu, hakuna shule.

Basi pikapu ikaanza kudondosha oili. Fundi Bomba hakubabaika. Kazi yake ni kuziba mabomba, na tangu aianze hajashindwa na tone. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, akapaka gundi ya silikoni bila uchoyo, akakaza bolti kwa nguvu zake zote.

"Umemaliza?" mkewe akamuuliza.

"Nimemaliza. Hapo hata jasho halipiti."

Baada ya siku chache, oili ikapita. Fundi Bomba akaongeza gundi. Ikapita tena, akaongeza tena. Halafu injini ikaanza kugonga kwa juu, ka-ka-ka, kama cherehani mbovu. Siku moja, wakiwa wamesimama njiani kusubiri magari yapite, taa nyekundu ya oili ikawaka. Binti aliiona, akanyamaza. Mitihani yake ya mwisho ilikuwa inaanza Jumatatu.

"Mpigie simu kaka yangu," mkewe akasema jioni ile.

Fundi Bomba akaguna. Kaka wa mkewe ni fundi wa magari, na ni mtani asiyejua kunyamaza.

"Shemeji atanicheka mpaka nizeeke."

"Acha acheke. Mimi nataka mtoto afanye mtihani."

Jumamosi asubuhi shemeji akafika. Akafunua boneti, akaitazama injini kwa muda.

"Shemeji," akasema, "hii ni injini au keki ya harusi?"

"Cheka uchoke, kisha tufanye kazi."

Shemeji hakukimbilia kufungua kitu. Kwanza aliifuta injini ikawa safi, akaiwasha kidogo.

"Mbona unahangaika na usafi?" Fundi Bomba akauliza. "Oili inadondoka kule chini."

"Nikuulize wewe. Ukikuta maji sakafuni kwa mteja, unaziba sakafu?"

"Siwezi. Natafuta yanakoanzia. Maji hushuka."

"Na oili hushuka vilevile."

Fundi Bomba akajikuta anatabasamu. Lugha hiyo aliielewa vizuri. Wakamulika tochi kuanzia juu. Nyuma ya kifuniko, oili mpya ilikuwa inang'aa.

Kisha shemeji akakunja mikono ya shati, isije ikanaswa na mkanda unaozunguka. Akachukua bisibisi ndefu. Ncha akaigusisha kwenye kifuniko, mpini akauweka sikioni. Akahama sehemu moja hadi nyingine.

"Sikiliza hapa," akasema.

Fundi Bomba akasikiliza. Mlio ulikuwa mkali upande wa nyuma kuliko mbele.

Wakazima injini, wakangoja ipoe, wakafungua. Gasketi, yaani ule mpira unaokaa kati ya kifuniko na injini, ilikuwa ngumu na imepasuka.

"Mpira ukishakauka hivi, hubadilishwa," shemeji akasema. "Gundi haiufufui. Sasa tazama chuma hiki kirefu. Ndiyo kamshafti. Ina nundu hizi. Ikizunguka, nundu zinasukuma vali, vile vilango vya hewa, injini inapumua. Pitisha kidole."

Fundi Bomba akapitisha kidole. Nundu zilikuwa laini, ila moja ya nyuma ilikuwa na mikwaruzo, tena fupi kuliko nyingine.

"Imelika," akasema. "Lakini oili mimi naongeza kila mara."

Shemeji akamwaga oili yote kwenye dumu, akaingia chini ya pikapu, akafungua bakuli la oili. Akatoka na chujio mkononi. Lilikuwa limejaa vipande vya gundi.

"Ukipaka gundi nyingi ukakaza, nyingine hutokeza nje, nyingine hutokeza ndani," akasema polepole. "Ya ndani hukatika, oili inaibeba, inaziba chujio. Oili ya kutosha haifiki juu. Chuma kinasagana na chuma."

Fundi Bomba akavishika vile vipande. Uso ulimwiva kwa aibu. Alitaka mtoto wake afike shule, na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa inamkwamisha. Akangoja kuchekwa.

Shemeji hakucheka. "Ungejuaje? Kwenye bomba gundi inakusaidia. Hii bado inatengenezeka."

Binti alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. "Mjomba, Jumatatu itatembea?"

"Baba yako akinisikiliza, itatembea."

Na baba akasikiliza. Alitaka wabadilishe kamshafti tu. Shemeji akakataa, akasema roka, vile vyuma vidogo vinavyosukumwa na nundu, zibadilishwe pamoja nayo, maana roka mbovu ingeila kamshafti mpya. Walisafisha chujio, kisha njia za oili moja baada ya nyingine. Fundi Bomba akakwangua gundi yote, akafuta mpaka pakakauka. Kamshafti mpya wakaipaka oili kabla ya kuifunga, wakapima nafasi za vali, wakaweka filta na oili mpya. Gasketi mpya ikakaa mahali pake.

"Bolti kaza kidogo kidogo," shemeji akamwambia. "Anzia katikati, nenda pembeni. Na usilete nguvu za mabomba."

Jumapili mchana wakawasha. Taa nyekundu ikazimika. Ule mlio wa ka-ka-ka haukusikika tena. Oili chafu wakaifunga kwenye dumu ipelekwe gereji. Fundi Bomba anaijua mifereji, hakutaka hata tone liingie humo.

"Sasa kila wiki pima oili," shemeji akasema. "Gari liwe pahali tambarare, limezimwa, limepoa. Ukiona imepungua, tafuta sababu. Ukisikia mlio, nipigie siku hiyohiyo."

"Na ukinicheka?"

"Nitakucheka huku natengeneza."

Jumatatu pikapu ilikwenda bila kelele, na humo ndani watu wakasikilizana. Njiani binti akasema kwa sauti ndogo, "Baba, usiku nilikuwa siogopi mtihani. Nilikuwa naogopa tutakwama njiani. Sikutaka kukwambia, ungeumia."

"Hata mimi niliogopa, mwanangu. Na mimi sikukwambia."

Wakafika mapema. Baba akakifungua kiti, akamsaidia kuketi, akamfikisha mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Kutoka hapo binti akasukuma magurudumu mwenyewe, akaenda kukaa safu ya mbele.