Ukurasa Uliochanwa

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1976, Limi ndiye aliyefungua kabati la darasa la sita katika shule yao ya Kishapu. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi. Kabatini mlikuwa na chaki, madaftari na kamusi ya Kiingereza, moja tu kwa shule nzima. Aliyeiazima aliandika jina lake kwenye orodha, akairudisha kesho yake.

Jumatatu Mwalimu Otmar aliandika ubaoni neno "throw".

"Mnajua ni kurusha jiwe," alisema. "Lakini farasi akimwangusha aliyempanda, ni neno hilohilo. Ukiwaandalia wenzako sherehe, hilohilo. Alhamisi, atakayetaja maana nyingi kuliko wote ataenda kwenye mashindano Shinyanga mjini."

Jioni hiyo Limi alifungua kabati bila kuandika jina. Alinakili maana tisa, kisha akamkumbuka rafiki yake Scolastika, aliyemshinda kila mtihani. Zamu ya Scolastika ilikuwa kesho. Wivu ukamshika. Akauchana ukurasa, akauficha nyumbani kwenye nyasi za paa la jikoni.

Alhamisi Scolastika alitaja maana tatu tu, zilezile za mwalimu. Mwalimu alipofungua kamusi, akaona pengo. Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa la Scolastika.

"Nilikuta ukurasa haupo, mwalimu," Scolastika alisema.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Scolastika alikatazwa kugusa kamusi mwaka mzima. Limi akachaguliwa kwenda Shinyanga, akanyamaza kimya. Lakini alipomwona rafiki yake akilia nyuma ya darasa, roho ilimuuma. Alikimbia nyumbani akauchukue ukurasa ule, aurudishe.

Babu yake, mzee Maige, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akivuta tumbaku.

"Ng'wanawane, mwanangu," babu alisema kwa furaha, "nimeokota karatasi laini kwenye paa. Inasokotea tumbaku vizuri! Unayo nyingine?"

Limi aliangua kilio.

Asubuhi alimwambia mwalimu yote, mbele ya darasa. Scolastika ndiye aliyekwenda Shinyanga. Kabla ya kuondoka alikabidhiwa ufunguo wa kabati. Aliupokea kwa Limi bila kumtazama.

"Andika ulichokisoma, tukibandike kwenye kamusi," Mwalimu Otmar alimwambia Limi.

Limi aliandika zile maana tisa kwa mwandiko mzuri. Mwalimu akaigeuza karatasi.

"Na upande wa pili ulikuwa na nini?"

"Sijui, mwalimu. Sikuusoma."

"Ulitaka kumnyima mtu mmoja, Limi. Sasa hata wadogo zako watakaofika darasa hili watakuta upande huu mtupu, na wewe huwezi kuwajazia. Kosa umelikiri, na umefanya vema. Lakini kukiri hakurudishi kila kitu. Ndiyo maana mtu hufikiri kabla ya kuchana."

Waliibandika karatasi kwa uji wa muhogo. Upande wake wa pili ulibaki mweupe.